Kuifuatilia Tenisi ya Nyasi Kutoka Lubumbashi: Mwongozo wa Shabiki, Kuanzia Halle hadi Fainali ya Wimbledon

Msimu wa tenisi ya nyasi ndio mfupi kuliko misimu yote ya mchezo huu. Huanza mapema mwezi wa Juni, mara tu mashindano ya udongo ya Roland-Garros yanapomalizika mjini Paris, na ifikapo katikati ya Julai kilele chake, Wimbledon, huwa kimeshapita. Wiki hizo hutukuta hapa Lubumbashi katikati ya majira ya ukavu, wakati vumbi jekundu limekaa juu ya majani ya miembe na baridi ya jioni inawafanya watu wasogelee mbabula, jiko letu la makaa, mapema. Ni wakati mzuri wa kukaa na kutazama mchezo. Hata hivyo shabiki wa hapa anajua kwamba umeme unaweza kukatika saa yoyote, kwamba megabaiti alizonunua asubuhi huenda zisifike jioni, na kwamba mechi nyingi huchezwa saa za kazi.

Nimeufuatilia msimu huu katika hali hiyo kwa miaka kadhaa, na nimefikia jambo moja ambalo ndilo msingi wa mwongozo huu: kwenye nyasi mechi huamuliwa na pointi chache sana, na mtu anayejua pointi hizo huja wakati gani anaweza kuifuata mechi inayodumu saa tatu kwa nusu saa ya picha bila kukosa kiini chake. Kwenye udongo si rahisi kufanya hivyo, kwa sababu huko servisi huvunjwa mara kwa mara (yaani anayeanzisha mpira hushindwa gemu aliyoianzisha yeye) na mechi inaweza kupinduka kila baada ya dakika chache. Kwenye nyasi inawezekana, mradi umejiandaa.

Hatua ya kwanza: elewa nyasi kabla ya kuwaelewa wachezaji

Mpira ukidunda kwenye sementi au udongo hupanda hadi kiunoni, pengine hadi begani, na anayeupokea hupata muda wa kujipanga. Kwenye nyasi mpira huteleza. Hugusa chini, huendelea mbele kwa kasi bila kupanda sana, na mpokeaji hulazimika kukunja magoti na kuupiga karibu na ardhi. Kwa sababu hiyo mwenye servisi ana nguvu kubwa kuliko kwenye uwanja wa aina nyingine yoyote, na kwa sababu hiyo hiyo mpira wa kukata, ule unaopigwa kwa raketi iliyolazwa ili ujizungushe kinyumenyume, ni silaha kamili huku, ilhali kwenye udongo mara nyingi hutumika kujinusuru tu.

Nyasi za Wimbledon hukatwa hadi urefu wa milimita 8 wakati wa mashindano. Tangu mwaka 2001 viwanja vyake hupandwa aina moja tu ya nyasi, raigrasi ya kudumu, ambayo zamani ilichanganywa na aina nyingine laini zaidi kwa kiasi cha asilimia 30. Badiliko hilo liliufanya uwanja kuwa mgumu na wenye kustahimili, na mpira ukaanza kupanda juu kidogo kuliko ilivyokuwa enzi za wachezaji waliopiga servisi na kukimbilia wavu papo hapo. Ukipata picha ya fainali ya miaka ya 1980 na kuiweka kando ya picha ya fainali ya miaka hii, utaliona badiliko hilo kwa macho: zamani nyasi zilichakaa katika njia iliyoelekea wavuni, kama kijia cha mguu kinachokatiza shambani, na sasa sehemu iliyochakaa ni ile ya nyuma ya mstari wa mwisho peke yake, huku karibu na wavu kukibaki kijani kibichi hadi siku ya mwisho.

Fanya zoezi hili, kwa maana litakufundisha zaidi ya maelezo yangu. Siku ya kwanza ya mashindano tazama uwanja mkuu kwa dakika moja tu, uangalie rangi ya eneo wanaposimama wachezaji kupiga servisi. Litazame tena eneo hilo hilo Jumatano ya wiki ya pili. Mahali palipokuwa kijani patakuwa pameshageuka kahawia, penye udongo mtupu uliokauka. Siku za mwanzo majani bado yana maji ndani yake na wachezaji huanguka mara nyingi wanapogeuka ghafla. Kadiri siku zinavyokwenda ardhi hukauka, miguu hushika vizuri, na mpira hudunda juu zaidi, ingawa ukiangukia kwenye sehemu iliyochakaa unaweza kwenda upande ambao hakuna aliyeutarajia. Kwa hiyo mchezaji hodari wa udongo akivuka wiki ya kwanza salama, usimdharau tena katika wiki ya pili.

Nguvu ya servisi kwenye nyasi ilionekana kwa kiwango cha kupindukia mwaka 2010, John Isner wa Marekani alipomshinda Nicolas Mahut wa Ufaransa katika mechi iliyodumu saa 11 na dakika 5, ikachezwa kwa siku tatu. Seti ya tano iliisha kwa gemu 70 kwa 68 (maana ya gemu na seti naieleza katika hatua ya pili), na katika seti hiyo yote servisi ilivunjwa mara moja tu, kwenye gemu ya mwisho kabisa.

Hatua ya pili: soma hesabu ili ujue wakati wa kufungua picha

Hesabu yenyewe haina ugumu. Pointi huhesabiwa 15, 30, 40, kisha gemu. Wote wawili wakifika 40 ni sare, na hapo mtu anahitaji pointi mbili mfululizo ili achukue gemu. Anayefikisha gemu sita kwa tofauti ya gemu mbili huchukua seti, na wakifungana sita kwa sita huchezwa taibreki, gemu maalumu ya kuamua seti, ya pointi saba, kwa tofauti ya pointi mbili. Wanaume katika Wimbledon huhitaji seti tatu kati ya tano, wanawake seti mbili kati ya tatu. Seti ya mwisho ina utaratibu wake: tangu mwaka 2022 taibreki yake, wakifungana sita kwa sita, huchezwa hadi pointi kumi. Ukikutana na matokeo ya kale kama 13 kwa 12, ambayo Novak Djokovic alimshinda nayo Roger Federer katika fainali ya 2019, ujue kwamba mwaka huo taibreki ilingojewa hadi 12 kwa 12.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Mtu akipiga servisi akiwa anaongoza 40 kwa 0, pointi inayofuata haitabadilisha kitu, unaweza kuiacha. Macho yako yahifadhi kwa ajili ya 0 kwa 30, 15 kwa 30 na 30 kwa 30, hasa gemu zikiwa zimefika nne kwa nne au tano kwa tano. Katika hesabu hizo mwenye servisi yuko pointi mbili tu kabla ya kuvunjwa, na kuvunjwa mara moja kwenye nyasi mara nyingi ni kupoteza seti nzima. Angalia pia kama servisi ya kwanza imeingia. Ikikosa, mchezaji hulazimika kupiga ya pili kwa tahadhari, mpira unakuja polepole, na hapo mpokeaji hupata nafasi yake ya kushambulia. Wachambuzi wengi hutoa asilimia ya servisi za kwanza zilizoingia. Mimi huiangalia hiyo kabla ya takwimu nyingine yoyote, kwa sababu mchezaji ambaye asilimia yake imeanza kushuka katika seti ya pili yumo hatarini hata kama bado anaongoza.

Kwa vitendo, hivi ndivyo inavyofanyika: unaacha ukurasa wa matokeo wazi kwenye simu, ambao hutumia data kidogo sana, na unaendelea na shughuli zako. Ukiona 0 kwa 30, unafungua televisheni au video. Gemu ikiisha bila servisi kuvunjwa, unafunga.

Lipo jambo la pili linalotegemea hesabu ambalo wageni wa mchezo huu hulihitaji mno. Katika Wimbledon wachezaji wote huvaa nyeupe, na kwenye kioo kidogo cha simu ni vigumu kumtambua nani ni nani. Kumbuka kwamba hubadilishana pande kila jumla ya gemu zilizochezwa katika seti inapokuwa 1, 3, 5 na kuendelea hivyo. Ukiingia katikati ya mechi, tafuta kwanza nani anatumia mkono wa kushoto, nani amevaa kofia na nani amefunga kitambaa kichwani, kisha ushike upande wake hadi mabadiliko yanayofuata.

Hatua ya tatu: geuza saa za London kuwa za kwetu

Hapa sisi wa Katanga tuna njia nyepesi. Katika kiangazi cha Uingereza saa ya London ni sawasawa na saa ya Kinshasa, na kila mtu wa Lubumbashi anajua tangu utoto kwamba Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja. Basi ukisoma saa ya Wimbledon, ifanye kama tangazo lililotoka Kinshasa: ongeza saa moja. Mashindano ya Halle nchini Ujerumani hayahitaji hata hilo, kwa maana katika majira hayo saa yao na yetu ni moja.

Viwanja vya pembeni vya Wimbledon huanza saa 11:00 ya huko, ambayo ni saa sita mchana kwetu. Uwanja Namba 1 huanza saa nane mchana na uwanja mkuu, Centre Court, saa nane na nusu. Mchezo wa viwanja visivyo na paa huendelea hadi giza la huko, na mwishoni mwa Juni giza la London huchelewa sana, hivyo si ajabu mechi ya uwanja wa pembeni kumalizika saa nne usiku wakati sisi tumeshamaliza bukari (ugali) na watoto wamelala. Chini ya paa mwisho kabisa ni saa 23:00 ya huko, yaani saa sita usiku kwetu; ikifika hapo mechi husimamishwa na kuendelea kesho yake. Tangu mwaka 2025 fainali za mchezaji mmoja mmoja huanza saa kumi na moja jioni kwa saa zetu.

Ninaandika saa kwa hesabu ya Kiswahili, lakini nyumbani kwetu, kama ilivyo kwa wengi hapa, baadhi husoma saa kwa mtindo wa Kifaransa. Mkiagana kutazama pamoja, hakikisheni kwamba mnaposema saa nane wote mna maana ya mchana ule ule, maana nimewahi kumpoteza mgeni wangu kwa seti nzima kwa sababu hiyo.

Hatua ya nne: andaa njia zaidi ya moja ya kupata mchezo

Chaneli za SuperSport zimekuwa zikionyesha Wimbledon katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara. Kabla ya kulipia abonema, mwulize muuzaji kama chaneli za michezo zitakazoonyesha tenisi zimo katika kifurushi unachochukua, na umwombe akuonyeshe kwenye orodha, kwa sababu vifurushi vya bei ya chini mara nyingi huwa na mpira wa miguu peke yake. Mashindano madogo ya Juni huonyeshwa kwa nadra zaidi, kwa hiyo kwa hayo tegemea matokeo ya moja kwa moja na video fupi za muhtasari.

Njia ninayoipenda kuliko zote ni redio. Wimbledon yenyewe hutangaza mechi kwa sauti, bure, kupitia tovuti na programu yake ya simu, kwa lugha ya Kiingereza. Sauti inayotumwa kwa kilobiti 64 kwa sekunde hutumia takriban megabaiti 29 kwa saa, na hata kwa kilobiti 128 hazizidi 60, ilhali video ya kawaida humeza mamia ya megabaiti kwa muda huo huo. Kiingereza kisikutishe. Maneno yanayorudiwa ni machache, hesabu ni zile zile, na sauti za watazamaji hukueleza mengine: pointi ya kawaida huisha kwa makofi mafupi, pointi kubwa huisha kwa mlipuko, na pale ambapo maelfu ya watu wananyamaza kwa ghafla ujue servisi ya pili inakuja wakati mbaya.

Tarehe 16 Julai 2023, siku ya fainali ya Carlos Alcaraz na Djokovic, ndipo nilipojua thamani ya redio hiyo. Tulikuwa tumekaa watu saba mbele ya televisheni tangu saa tisa mchana. Tuliiona ile gemu ya seti ya tatu iliyodumu dakika 26, wakirudi kwenye sare mara 13, hadi Alcaraz akaivunja servisi. Seti ya nne ikachukuliwa na Djokovic. Mwanzoni mwa seti ya tano Alcaraz akamvunja tena na kuongoza gemu 2 kwa 1. Djokovic akaipiga raketi yake kwenye mhimili wa wavu ikavunjika, na dakika chache baadaye umeme ukakatika mtaani kwetu. Giza lilikuwa limeshaingia. Yaya wangu, kama tunavyowaita hapa ndugu waliotutangulia kuzaliwa, aliweka simu katikati ya meza, akafungua redio, na akawa anatutafsiria pointi moja baada ya nyingine huku sisi tukiwa tumeinama kuizunguka kama watu wanaopasha mikono moto. Kuanzia pale hakuna servisi nyingine iliyovunjwa. Alcaraz alimaliza 6 kwa 4. Pointi iliyoamua seti ile tulikuwa tumeshaiona kwa macho yetu, na iliyobaki ilikuwa kusikia kama ataweza kuilinda.

Kwa hiyo andaa hivi: betri ya nje iliyojaa, simu moja ya matokeo na redio, simu nyingine ya akiba yenye mtandao tofauti kama inawezekana, na megabaiti zilizonunuliwa kabla ya mechi. Programu ya mashindano na masasisho yake yapakue usiku au asubuhi mapema, mtandao ukiwa mwepesi.

Hatua ya tano: tumia wiki za Juni kuchagua wachezaji wako

Usingojee Wimbledon ndipo uanze kutazama. Wiki tatu zinazotenganisha Roland-Garros na Wimbledon zimejaa mashindano ambayo hukuonyesha nani ameshazoea nyasi na nani bado anacheza kana kwamba yuko kwenye udongo. 's-Hertogenbosch na Stuttgart hufungua mlango. Kisha kuna Halle, ambako Federer alichukua ubingwa mara kumi na ambako uwanja mkuu una paa la kufungwa, na Queen's mjini London. Queen's iliwarudisha wanawake mwaka 2025 baada ya kutokuwepo tangu 1973, na bingwa wa mwaka huo alikuwa Tatjana Maria wa Ujerumani, mwenye umri wa miaka 37, aliyeanzia kwenye mchujo na ambaye mpira wake wa kukata hupigwa kwa pande zote mbili, kulia na kushoto. Aliyetazama mashindano hayo alijifunza kuhusu nyasi katika wiki moja mambo ambayo takwimu za mwaka mzima hazionyeshi. Berlin huchezwa wiki moja na Halle, na Bad Homburg, Eastbourne na Mallorca hufuata, lakini wiki ya mwisho kabla ya Wimbledon vigogo wengi hupumzika, kwa hiyo matokeo yake yasikupe hitimisho kubwa.

Ijumaa inayotangulia Wimbledon, saa 10:00 ya London, hupangwa droo. Kaa na daftari. Droo ya mchezaji mmoja mmoja ina majina 128 na raundi saba. 32 kati yao hupangwa mapema kufuatana na nafasi zao za ubora ili wasikutane katika raundi mbili za mwanzo, na namba moja na namba mbili huwekwa katika nusu tofauti ili wasiweze kukutana kabla ya fainali. Chagua majina manne tu: mmoja wa kutwaa ubingwa, mmoja aliyefanya vizuri Juni, mmoja aliyetoka kwenye mchujo, na mmoja ambaye moyo wako unamtaka kwa sababu zako mwenyewe. Chora njia ya kila mmoja hadi robo fainali, uone atakutana na nani.

Moyo wangu kwa sasa uko kwa Victoria Mboko wa Kanada, ambaye wazazi wake walitoka hapa Kongo. Mwaka 2025 alishindwa katika mchujo wa Wimbledon, lakini mchezaji mmoja alipojitoa yeye akaingizwa kwenye nafasi hiyo kwa utaratibu wa mshinde mwenye bahati, akashinda mechi yake ya raundi ya kwanza dhidi ya mchezaji aliyepangwa miongoni mwa 32 bora. Mwezi mmoja tu baadaye alichukua ubingwa wa Kanada mjini Montreal kwa kumshinda Naomi Osaka katika fainali. Kwa hiyo orodha ya mchujo, ambao huchezwa Roehampton, mtaa wa London, wiki moja kabla, isome kwa makini. Jina utakaloliona humo mwaka huu unaweza kulikuta juu kabisa mwaka unaofuata.

Na usiyadharau mashindano ya vijana, ambayo huchezwa katika wiki ya pili kwenye viwanja vya pembeni. Mwaka 2022 Angella Okutoyi wa Kenya, akicheza na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi, alitwaa ubingwa wa wasichana wawili wawili wa Wimbledon, akawa Mkenya wa kwanza kushinda taji la mashindano makubwa manne ya tenisi. Upande wa pili wa wavu katika fainali ile alikuwa Mboko huyo huyo pamoja na Kayla Cross. Mtoto wa Kenya na binti wa wazazi Wakongo walikutana kwenye nyasi za Wimbledon, na sijakutana na watu wengi hapa mjini waliojua habari hiyo siku ilipotokea.

Hatua ya sita: gawa nguvu zako katika wiki mbili

Wimbledon huanza Jumatatu mwishoni mwa Juni au mwanzoni mwa Julai. Mwaka 2025 siku ya kwanza iliangukia tarehe 30 Juni, sikukuu yetu ya uhuru, na wengi tuliweza kutazama tangu mchana bila kuomba ruhusa kazini. Miaka mingine mambo si mepesi hivyo, kwa hiyo kujua ratiba ni lazima.

Raundi ya kwanza huchukua Jumatatu na Jumanne, ya pili Jumatano na Alhamisi, ya tatu Ijumaa na Jumamosi, ya nne Jumapili na Jumatatu. Robo fainali ni Jumanne na Jumatano. Nusu fainali ya wanawake huchezwa Alhamisi na ya wanaume Ijumaa. Fainali ya wanawake Jumamosi, ya wanaume Jumapili. Maana yake kwa mfuko wako ni kwamba mchezaji uliyemchagua hucheza siku moja na kupumzika siku moja, na wewe unaweza kufanya vivyo hivyo na megabaiti zako. Kwa desturi bingwa mtetezi wa wanaume ndiye hufungua Centre Court siku ya Jumatatu, na bingwa mtetezi wa wanawake Jumanne. Ratiba kamili ya kila siku hutoka jioni ya siku iliyotangulia, na humo ni viwanja vikuu na mechi za kwanza za viwanja vya pembeni tu ndivyo vyenye saa maalumu. Nyingine hufuata mechi iliyotangulia inapoisha. Ukiona mchezaji wako ni wa tatu kwenye uwanja wa pembeni unaoanza saa sita mchana, na kabla yake kuna mechi mbili za wanaume, usimtarajie kabla ya saa kumi na mbili jioni.

Mvua ni sehemu ya msimu huu. Centre Court ilipata paa mwaka 2009 na Uwanja Namba 1 mwaka 2019. Kwengineko kote turubai huvutwa juu ya nyasi na watu hungoja. Ukurasa wa matokeo ukisema mchezo umesimamishwa, zima data na urudi baada ya nusu saa. Paa likifungwa, mechi nayo hubadilika: hakuna upepo wala jua la kumsumbua anayerusha mpira wa servisi, hivyo mwenye servisi kubwa hunufaika zaidi. Niligundua pia kwamba redioni sauti ya raketi husikika nzito na ya karibu paa likiwa limefungwa, na mara nyingi nimejua limefungwa kabla mtangazaji hajasema.

Jambo jingine la kuzoea ni kwamba tangu mwaka 2025 hakuna tena waamuzi wa mistari katika Wimbledon. Sauti inayotamka kwamba mpira umetoka nje ni ya mfumo wa kielektroniki, kwa hiyo usingojee kuona mchezaji akiomba marudio ya picha ili kupinga uamuzi wa mstari.

Hatua ya saba: siku ya fainali

Alika watu wachache wanaokubali kunyamaza pointi inapochezwa. Waliozoea kutazama Mazembe au Lupopo, timu zetu za mpira wa miguu, hupata tabu mwanzoni, lakini wakielezwa hesabu ya 0 kwa 30 na maana yake, nimeona ndio huwa wa kwanza kukaa kimya. Mwenye daftari aketi karibu na televisheni na aandike kila gemu: nani alipiga servisi, aliishinda au alivunjwa. Karatasi hiyo ndiyo itakayokuwezesha kuendelea na hesabu picha ikipotea.

Mbabula ibaki nje mlangoni hata baridi iwe kali namna gani, kwa sababu moshi wa makaa katika chumba kilichofungwa chenye watu wengi unaua. Leteni blanketi. Fainali ya wanaume ya seti tano iliyoanza saa kumi na moja jioni inaweza kufika saa nne usiku, basi chakula kiwe tayari kabla ya seti ya pili, na kila mwenye simu aichaji mapema mchana. Chagueni kabla ya mechi nani atakayefungua redio umeme ukikatika na nani atakayetafsiri, na simu hiyo isitumiwe kwa kitu kingine chochote tangu gemu zinapofika nne kwa nne katika seti ya mwisho.